Nafasi ya Kicheko

Jumapili, 30 Juni

Tumefika! Miguu imevimba, shingo haigeuki, lakini tumefika na masanduku yote mawili yapo. Bweni ni jengo refu la matofali, chumba chetu orofa ya tatu. Vitanda viwili, kabati moja, dirisha moja. Kicheko kadaka kitanda cha dirishani kabla sijavua hata viatu. Eti, Dada, si wewe mwanga unakusumbua? Kweli unanisumbua. Lakini angeuliza kwanza.

Niandike mambo yalivyokuwa, nisije nikasahau huko mbele. Tangazo nililiona mimi. Majuma manane ya kiangazi, ng'ambo, kwenye karakana ya miguu na mikono ya bandia – wanafunzi "watafanya kazi bega kwa bega na mafundi." Mimi mwaka wa tatu, wa kwanza darasani. Yeye mwaka wa pili, huko katikati, na wala hakuwa na habari. Fomu nikamtumia mimi, kwa sababu ni mtoto wa Mama Mdogo na Mama kasema usimwache mdogo wako nyuma. Barua yake nimeisahihisha mara nne. Nne! Sentensi zote nzuri mle ndani ni zangu. Na lugha ya huku nimeisoma miaka miwili, spika za masikioni mpaka kwenye foleni ya benki. Yeye anajua kusalimia na kushukuru, basi. Panapobaki anajaza kwa kucheka. Ndiyo maana anaitwa Kicheko: alipokuwa mchanga alichomwa sindano ya surua akacheka, jina likaganda.

Kesho tunaanza. Koti langu jeupe nimelipiga pasi mara mbili.

Jumatatu, 1 Julai

Siwezi hata kuandika vizuri kwa hasira.

Asubuhi mratibu wa programu katukusanya, wanafunzi sita. Kijana mwembamba, kitambulisho shingoni, kila kitu kwake ni "vizuri sana." Akaja fundi mkuu – mama mfupi wa miaka sitini hivi, sikio moja halisikii kwa sababu ya mashine. Kila mtu akapewa bonge la plasta na tupa. Lichongeni liwe goti. Nusu saa.

Goti langu lilikuwa goti! Nimepima, nimechonga, nimepiga msasa. Fundi mkuu akaligeuza mara moja, akasema nzuri, akaliweka chini. Akaenda kwa Kicheko. La Kicheko lilikuwa kama kiazi kilichokanyagwa. Mama yule akafumba macho akalipapasa kwa kiganja, weee, muda mrefu. Akauliza kwa nini hapa umelibonyeza. Kicheko hana maneno – akaushika mkono wa fundi mkuu akauweka juu ya goti lake mwenyewe! Huku anacheka! Nilitamani sakafu inimeze. Na fundi mkuu naye akacheka.

Saa nane orodha ikabandikwa mlangoni. Karakana: watu wawili. Kicheko, na kijana mmoja wa chuo kingine. Sisi wanne – ghala.

Ghala! Chini kabisa ya jengo, miguu ya bandia ya tangu enzi za mababu zao, imekusanywa ipelekwe makumbusho. Tuifute vumbi, tuipige picha, tuifunge lebo. Nikamwendea mratibu, nikamwambia kwa lugha yao safi kabisa, tangazo lilisema bega kwa bega na mafundi. Akaniambia ghala na karakana viko chini ya paa moja.

Chini ya paa moja! Vizuri sana!

Jumatano, 3 Julai

Leo miguu kumi na tisa. Ya mbao, ya ngozi, mmoja wa bati una matundu kama chujio. Boksi moja lina miguu ya kushoto mitupu. Mwenzangu wa meza, tunamwita Mrefu, ameshagundua kwamba nyuma ya rafu kuna godoro. Kalala saa mbili nzima, mimi nafunga lebo zake na zangu.

Dari la ghala ni sakafu ya karakana. Nasikia kila kitu. Tupa inakwaruza, mashine inavuta pumzi, kiti kinaburutwa. Halafu kile kicheko. Unajua anavyocheka – kama mtu anayemwaga vijiko kwenye sinki. Nikikisikia lebo inapinda mkononi.

Jioni karudi na plasta kwenye nyusi. Hajanawa makusudi, nina hakika. Anajitupa kitandani, Dada, leo nimefunga bandeji ya plasta kwenye kigutu cha mtu, mtu mzima, na plasta ikikauka inapata joto na yeye akasema kama blanketi! Nikasema hongera. Nikamuuliza kama alipaka mafuta kwanza ili isinase nywele. Akasema ndiyo, bila shaka. Nilitumaini alisahau.

Jumamosi, 6 Julai

Fundi mkuu kamwalika Kicheko chakula cha mchana nyumbani kwake. Kicheko kauliza kama anaweza kuja na dada yake. Kakubaliwa. Kaja mbio kuniambia.

Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Nikalala na kitambaa usoni nikingoja anibembeleze. Akanijazia chupa ya maji, akafunga pazia, akaenda. Hakubembeleza hata mara moja! Amerudi jioni na tupa. Tupa ya fundi mkuu mwenyewe, ya ujana wake, mpini umelika kwa kidole gumba. Kamkopesha mpaka programu iishe. Kaniwekea mkononi, shika, Dada, uone ilivyo nyepesi.

Nyepesi kweli. Inakaa mkononi kama imeumbwa kwa ajili yangu. Nikamrudishia.

Alhamisi, 11 Julai

Amepewa mtu wake peke yake!

Bwana mmoja, msimamizi wa stesheni ya treni. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti mwaka jana, sukari. Wakubwa wake wanataka kumstaafisha. Alhamisi ijayo daktari wa kazini kwao atamtazama akitembea jukwaani na kupanda ngazi za daraja, hatua thelathini na mbili. Akiweza, anabaki kazini. Asipoweza, kibarua kimeota nyasi. Hayo kanieleza Kicheko kwa mikono na miguu, maana nusu kaelewa na nusu kakisia. Fundi mkuu anasimamia, lakini kikombe – ile sehemu kigutu kinapoingia – kakitengeneza yeye. Mwaka wa pili huyu!

Nilipanda juu na boksi, nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Bwana wa stesheni kasimama kati ya vyuma viwili sambamba, sharubu zimechanwa, suruali imekunjwa. Kicheko kapiga magoti, penseli ya wino mdomoni, anapapasa mfupa wa muundi. Yule bwana akasema kitu, Kicheko hakuelewa, wakacheka wote. Mimi nilielewa! Alisema tangu mguu ukatwe kila mtu anamshika kama yai, yeye peke yake anamshika kama mtu.

Sikumtafsiria. Hakuna aliyeniomba.

Nimeliangalia pindo la kikombe, ukingo wake wa juu, kwa mbali. Kwa mbele limechongwa juu mno. Au ni jicho langu la kijicho? Hapana. Liko juu.

Jumapili, 14 Julai

Mama kapiga simu. Salamu, hali ya hewa, tunakula nini. Halafu: mbona picha za mwenzio tunaziona, zako ziko wapi? Mama Mdogo kaisambaza ile ya Kicheko na mashine, ukoo mzima umepiga makofi. Baba kaikuza mpaka ikawa ukungu, anamtafuta mwanawe huko nyuma.

Nikasema mama, mimi niko kitengo cha utafiti, hatupigi picha ovyo.

Akasema haya mwanangu, usijichoshe. Kwa sauti ile! Ile anayotumia kwa watu waliofeli.

Nimesimama dakika tano kwenye korido kabla ya kurudi chumbani. Kicheko alikuwa ananifulia soksi. Sikumwomba. Kila kitu anachonifanyia kinaniongezea deni ambalo sikulikopa.

Jumanne, 16 Julai

Saa saba mchana karakana huwa tupu, wote wako kantini. Nikapanda. Nilitaka picha moja tu! Aproni ya Kicheko ilikuwa kwenye msumari, ina alama ya kiganja cha plasta kifuani. Nikaivaa, na kofia ya plastiki kichwani. Nikasimama pembeni ya mashine, nikashika tupa, nikajipiga. Ya tatu ikatoka vizuri. Nikamtumia Mama palepale.

Nageuka – bwana wa stesheni yuko mlangoni.

Anahema, kofia mkononi. Kaniamkia kwa heshima kama fundi. Nikaitikia kama fundi! Akakaa, akavua mguu, akakunja soksi ya kigutu. Pale mbele kwenye muundi, wekundu wa duara, unang'aa. Akaniambia akipanda ngazi kikombe kinamng'ata hapa. Hataki kumsumbua yule binti anayecheka, lakini mtihani ni Alhamisi saa nne. Wanaweza kumkwangulia kidogo? Leo au kesho, wampigie tu, atakuja hata kwa magongo. Na kama wanaona si kitu, wasipige, atajua ni mambo ya mguu mpya, atavumilia.

Nikaandika yote kwenye karatasi. Namba yake ya simu pia. Akanishukuru, akasifu lugha yangu – mtu wa kwanza huku kuisifu. Akaondoka akishika ukuta.

Nikavua aproni. Karatasi nikaitia mfukoni mwa koti langu.

Sasa hapa ndipo niandike ukweli. Nilikuwa na nia ya kumwambia. Nilikwisha jua nitaanzaje. Ningesema mimi nilikuwa napita tu. Tumekaa mezani jioni, nimefungua mdomo, naye akaniwahi: Dada, sikia! Fundi mkuu kasema bwana wa stesheni akipita Alhamisi, ataniandikia barua nirudi mwakani. Mwaka mzima, Dada, mwanafunzi wake! Akanishika mikono yote miwili juu ya meza. Macho yamejaa machozi, anacheka.

Mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Nikasema nikuchukulie chai?

Jumatano, 17 Julai

Kicheko na fundi mkuu wamekwenda hospitali ya mji wa pili, kutwa nzima. Ningeweza kupiga simu mimi. Namba ninayo. Ningeweza kumwambia mratibu. Angesema vizuri sana, na karatasi uliipatia wapi? Ulikuwa unafanya nini juu?

Miguu thelathini na moja leo. Sijawahi kufunga lebo kwa kasi hivi.

Nimwambie kesho asubuhi. Saa nne ni mbali.

Na huenda si kitu. Wekundu kila mguu mpya unaleta. Hata kitabu kinasema hivyo.

Alhamisi, 18 Julai

Alfajiri katoka kwa kunyata asiniamshe, anawahi stesheni kumtazama mtu wake. Nilikuwa macho. Nilijifanya nimelala. Kitasa kikalia, basi.

Saa tano na nusu juu ya dari kimya. Hakuna tupa, hakuna kiti. Mrefu akaamka akauliza kuna nini.

Kicheko kanisimulia jioni, kajikunja kitandani mwake, uso umeelekea dirishani. Jukwaani alitembea vizuri, daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ngazi, kumi za kwanza vizuri. Ya kumi na nane akasimama. Ya ishirini akakaa chini katikati ya abiria, wanampita huku na huku na mizigo yao. Soksi ya kigutu ilikuwa nyekundu. Ngozi imepasuka pale mbele. Wamempeleka hospitali, na mwenye sukari kidonda si mchezo. Kicheko alimshikia kofia mpaka gari likaja. Anasema yule bwana hakulia wala hakulalamika, alikuwa anawaomba radhi abiria kwa kuziba njia.

Nikamuuliza, hukumpandisha ngazi hapa kabla ya kumwachia? Ndiyo, nilimuuliza hivyo! Sauti yangu mwenyewe nikaisikia, tulivu kama ya mkaguzi.

Akasema hapana. Nilimtembeza tu kwenye vyuma. Kosa langu, Dada.

Hajala.

Ijumaa, 19 Julai

Fundi mkuu kamtoa karakana. Bila kelele. Kasema wakati wa mafunzo mtu hukosea, lakini mguu hautoki mlangoni bila kupandishwa ngazi, na aliyesahau hilo ashuke ghalani akaitazame ile miguu ya zamani mpaka akumbuke. Barua ya mwakani haikutajwa tena. Na yeye mwenyewe kajilaumu, mbele ya wote, kwamba alikuwa na safari ya Jumatano na hakukagua.

Halafu akasema: kule ghalani kuna msichana mwenye goti safi. Aje.

Mimi! Nimepanda zile ngazi, Kicheko anashuka. Tumepishana kwenye kona. Akanipa aproni, akaifuta vumbi kwanza. Nenda ukawaonyeshe, Dada.

Bwana wa stesheni kapewa nafasi ya pili, tarehe thelathini na moja. Kidonda kikikauka. Mguu mpya nautengeneza mimi.

Nilidhani nitafurahi. Nimefurahi! Nimefurahi sana. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 21 Julai

Kicheko alikuwa anakunja nguo. Akaniuliza, bila kugeuka, ile picha aliyoisambaza Mama Mkubwa, ulipiga lini?

Jumanne.

Mchana?

Mchana.

Akasema aproni imekupendeza. Akaendelea kukunja. Akakunja na zangu.

Nimeketi naisubiri sentensi ya pili. Haijaja mpaka sasa.

Jumatatu, 22 Julai

Kazi ni tamu. Hilo sitalikana. Karatasi ya plastiki inatoka kwenye tanuri laini kama shuka, unaivuta juu ya umbo la plasta, mashine inanyonya hewa, na mara kila mfupa unatokea. Nimechonga pindo la mbele chini, kama nilivyojua tangu mwanzo. Fundi mkuu akalipima kwa dole gumba. Akasema safi.

Safi. Kwa Kicheko hakusema safi hata mara moja. Alikuwa anafumba macho. Kwangu hafumbi.

Wenzetu wa karakana wakaniuliza kwa heshima, yule mwenzako mchekaji hajambo? Yule kijana wa chuo kingine kashuka ghalani na mkate wake ili akale naye. Na Mrefu! Mrefu hasinzii tena. Nasikia kutoka chini, kupitia sakafu, wanacheka watu wanne. Ghala langu! Majuma matatu nilikaa mle na hakuna aliyecheka.

Nimempa mtu nafasi yangu mbovu, naye kaigeuza nzuri. Nisikilize tupa yangu tu.

Jumatano, 24 Julai

Kidonda kinafunga, daktari kasema. Ijumaa anakuja kujaribu kikombe kipya. Fundi mkuu kasema na Kicheko aitwe, mgonjwa mwenyewe kamwomba. Na mimi nitafsiri, maana sasa mambo yanatakiwa yasemwe kwa ukamilifu.

Ile karatasi bado iko mfukoni. Nimeitoa mara mbili niichane. Mwandiko wangu, namba yake. Nimeirudisha. Sijui kwa nini naitunza. Mwizi gani anatunza ushahidi hivi?

Labda atakuwa amenisahau. Alikuwa na maumivu, mwanga ulitoka nyuma yangu, nilikuwa na kofia ya plastiki kichwani. Na sisi wageni si wanasema tunafanana? Kwa mara ya kwanza namwomba Mungu iwe kweli.

Ijumaa, 26 Julai

Naandika chooni, orofa ya karakana. Mlango nimeufunga kwa komeo. Wako upande wa pili wa korido, wote watatu, wananingoja. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nina dakika chache, nisipoandika nitapiga kelele.

Amekuja saa tatu kamili, kwa magongo, sharubu zimechanwa. Kicheko akapanda kutoka chini akasimama mlangoni, hakujua kama aingie. Yule bwana akamwita kwa mkono, akamshika bega, akamwuliza hali. Hakuna lawama hata tone! Kashindwa ngazi thelathini na mbili na karibu amwage unga, na bado anamtabasamia yeye.

Nimepiga magoti kumvika. Kichwa nimeinamisha. Kikombe kikaingia kama mkono kwenye glavu. Akasimama. Akahamisha uzito. Akasema hakimng'ati. Akapiga hatua nne, tano. Kazi yangu, inatembea!

Halafu akaangalia chini akaniona. Akasema, kwa furaha kabisa, kumbe ni wewe!

Nikajifanya hamnazo, natafuta penseli.

Fundi mkuu akamgeuzia sikio lake zima. Nani? Akasema huyu dada, si ndiye niliyemwonyesha ule wekundu Jumanne, kabla ya mtihani? Aliandika yote kwenye karatasi, na simu yangu. Nilikaa karibu na simu Jumanne yote na Jumatano yote. Haikulia, nikajua mmeona si kitu.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasimulia tu. Anaaminiwa mtu wa namna hiyo, hata akisema jua ni la kijani.

Fundi mkuu hakunitazama mimi. Alimtazama Kicheko, kwa sababu mguu ule ulikuwa wake. Akaniambia mimi: mwulize mwenzako kama ujumbe ulimfikia.

Mimi! Nimwulize mimi! Chumba kizima hakuna mwingine anayejua lugha yetu. Ningeweza kumwuliza saa ngapi. Ningeweza kumwuliza kama ana njaa, kisha nijibu nitakavyo.

Nikasema, "Anauliza kama nilikupa ujumbe wake."

Kicheko akanitazama. Kile kidoti cha plasta ya zamani bado kiko kwenye kola yake, hakitoki. Nikaona anavyojua. Anajua tangu Jumapili, anajua tangu picha – lazima bwana alimtajia ile Jumanne pale kwenye ngazi – amelala siku tano mita mbili kutoka kichwani kwangu akijua.

"Mwambie ndiyo," akasema. "Mwambie ulinipa, nikasahau."

"Kicheko –"

"Barua ya mwakani mimi nimeshaikosa, Dada. Wewe bado. Mama Mkubwa atakufa kwa aibu. Sema."

Polepole hivyo, kama mtu anayekuonyesha njia ya sokoni. Hata sauti hakupandisha. Na mimi – Mungu anisamehe, niandike kama lilivyo – mimi nilichohisi kwanza haikuwa aibu. Ilikuwa kile kile. Kwamba hata hapa amenizidi. Kwamba nikitafuta moyoni kwangu mwote, kila chumba, kila kabati, sentensi ile siipati. Mimi nisingeweza kuisema. Yeye ameitoa kama chenji.

Nikaona wivu mpaka meno yakauma.

Fundi mkuu akauliza, anasema nini?

Nikasema naomba msalani.

Maji nimeyafungua yatiririke wasikie. Karatasi iko hapa, juu ya daftari, imelowa jasho lakini namba inasomeka. Kama nikiitoa, ndege ya kurudi ni ya kwangu, na Mama ataniambia usijichoshe kwa sauti ile. Kama nikitafsiri alivyosema, tarehe thelathini na moja nitasimama jukwaani nimtazame mtu wangu akipanda ngazi, na atapanda, na barua ya mwakani itaandikwa kwa jina langu, na kila siku ya mwaka huo mzima nitajua ni nani aliyenipa.

Viatu kwenye korido. Si vya Kicheko, vya Kicheko navijua. Fundi mkuu anagonga. Anauliza kama naumwa. Namjibu hapana. Anauliza tena, taratibu, mdomo karibu na mlango: mdogo wako amesema nini?

Ni maneno machache tu. Kwa lugha yao nayajua yote.